Kumi na Saba

Dadu letu lina nyuso ishirini
lakini kumi na saba haijawahi kutokea.
Papa Nshimba alilichonga kwa kipande cha malakiti
kilichobaki baada ya tembo wa kuuzia wageni.
Alilisugua wiki mbili kwa maji na mchanga,
akasema, "Mwadi, upande mmoja una tumbo. Nisamehe."
Mwaka wa tisa huu ninamsamehe.

Jumamosi, Katuba, nyuma ya saluni ya dada yangu.
Meza ni mlango wa friji uliolala juu ya kreti za bia.
Tulikuwa saba.
Kapend alikwenda Kolwezi kuendesha lori,
akaacha mchawi wake ndani ya daftari la hesabu:
uhai kumi na moja, viatu vya kimya, deni la mbuzi.
Odia aliolewa Lusaka.
Wengine sitawataja, wanajijua.
Mukalay yupo, ila yupo kama redio isiyo na betri,
simu mkononi, kidole kinapanda, kidole kinashuka.

Na juzi Kabwita, mtoto wa dada, miaka kumi na minne,
alinionyesha mashine inayosimulia.
Unaiambia nafungua mlango,
inakupa jumba lenye taa elfu.
Haichoki, haikohoi,
haiulizi zamu ya nani kuleta sukari.
"Tantini, sasa wewe utafanya kazi gani?"

Umeme ukakatika, ukajibu kwa niaba yangu.
Hapana, nisidanganye.
Umeme ulikuwepo usiku ule, hata majirani walishangaa.
Nilinyamaza kwa sababu swali lilikuwa zuri.

Kisha nikafungua mchezo kama ninavyoufungua siku zote:

    Mmefika mgodini
    taa zenu mkononi
    maji yafika gotini
    na joka limeamka.

    Lina magamba ya shaba
    halikupata kushiba
    vichwa vyake vyote saba
    vyasema: nini mwataka?

Hapo ndipo tulipozoea kuchomoa panga.
Dadu, damu, hazina, halafu bukari na samaki wa chumvi,
kila mtu kwao.
Kabwita akainua mkono kama yuko darasani.
"Joka linalipwa na nani?"

Ukimya. Kwenye saluni mashine ya kukausha nywele ikazimwa.

"Kulinda shimo lote hilo peke yake. Nani analilipa?
Na mkataba wake unaisha lini?"

Mukalay akalaza simu kifudifudi.
Baba yake alishuka chini ya ardhi miaka ishirini na sita
akarudishwa nyumbani na bahasha isiyojaa.
"Basi ligome," akasema. "Tuligomeshe joka."

Nikapekua kitabu chetu, nakala ya nakala,
kurasa zimekunywa mafuta ya taa.
Kuna sheria ya kuanguka kwenye farasi.
Kuna sheria ya kulewa, ya kulaaniwa, ya kuzama.
Mgomo haumo.
Nikabuni. Nikasema ni vigumu sana, joka ni mwoga wa njaa,
mtahitaji...
na mdomo ukaniponyoka:
"Kumi na saba. Kamili."

Waliangalia dadu. Waliniangalia.
Mashine ingewapa kumi na saba kabla hawajaomba,
ingewapa na ngoma na pembe za ushindi.
Kabwita alilipulizia, akatupa.
Nne.
Mukalay akatupa. Kumi na moja.
Dada yangu, ambaye hachezi, ambaye anatuita wendawazimu,
alipita na ndoo ya maji machafu, akaituma chini, akatupa.
Ishirini, akashangilia,
tukamwambia ishirini haisaidii, akatutukana.

Saa sita usiku joka lilikuwa bado kazini.
Kapend alituma sauti kutoka Kolwezi,
lori linanguruma nyuma yake:
asigome mtu bila mchawi wangu.

Leo ni Jumamosi tena.
Kabwita amekuja na wasichana wawili wa darasa lake,
mmoja amebeba kiti kutoka kwao,
na mfukoni mwake Kabwita ana kipande cha msasa.
Anataka kulisugua lile tumbo.
Nimelishika dadu kwenye ngumi.
Lina joto. Sijaamua.