Mkono Usiokaza

Saa kumi na moja alfajiri, Kadutu bado ina giza,
umeme uliondoka juzi bila kuaga,
nami nimenawa mikono mara tatu
kwa sabuni ya unga na maganda ya ndimu
na bado kidole gumba kinanuka grisi.
Samahani, unga. Utanizoea.

Vikombe vitatu. Chumvi ya kubana kwa vidole.
Siagi ililala dirishani usiku kucha,
maana baridi ya Bukavu ndiyo friji yangu,
na hiyo haikatiki.

Shemeji Namwezi, aliyeishi Kampala miaka tisa,
ndiye aliyenifundisha skonzi.
Vipimo alinipa vya kukisia,
ila neno moja alilirudia hadi mlangoni:
usikaze.

Mimi, ambaye miaka ishirini
nimelipwa kwa kukaza!
Bolti ya gurudumu la Fuso, kaza.
Mkanda wa feni, kaza.
Barabara ya Uvira itavilegeza tu,
virudi Jumatatu, kaza tena.
Na sasa donge hili linataka niliguse
kama mtu anayekusanya manyoya
mlango ukiwa wazi.

Nanasi nililikata vipande vya ukubwa wa ukucha,
nikalianika juu ya bati siku nne
chini ya neti ya mbu iliyotoboka.
Kunguru wakachukua ushuru wao.
Zabibu kavu nilizitoa Nyawera;
muuzaji alizihesabu mojamoja
kama anayeuza vipuri.
Na marakuja moja, maji na mbegu zake,
kwa kuwa Nsimire hupenda
kitu kinachovunjika menoni.

Ninakata kwa mkebe wa maziwa ya unga,
ule ule wa kitinda mimba wetu,
ambaye leo ana ndevu na yuko Kindu
na hapigi simu.
Duara kumi na moja.
Kilichobaki hakitoshi duara;
nakiacha na umbo lake, kirefu, kimepinda,
kama Idjwi kwenye ramani ya shule.

Tanuri langu ni pipa la mafuta nililolikata nusu,
makala chini, makala juu.
Kipimo cha joto ni mkono huu:
ukikimbia kwenye tano, subiri;
ukivumilia hadi saba, weka;
ukifika kumi, pepea, baba, pepea.

Mama Ntakwinja anachungulia juu ya ukuta.
«Baba Asifiwe, ni nini inanukia hivi?»
«Bado kwanza.»
«Mwanaume na unga! Leo mvua itanyesha.»
Na mvua, isiyojua mzaha,
ikanyesha.
Mwavuli ni mmoja. Nikaupa pipa.

Saa moja na nusu. Zamu ya usiku imekwisha.
Kutoka barabarani hadi kwetu
kuna ngazi arobaini na tatu za udongo,
na hatua za mke wangu nazisikiliza
kama ninavyosikiliza injini.
Leo silinda moja haiwaki.
Wodi ya wazazi, usiku mzima.
Kuna kitu hakikwenda sawa.

Sikuuliza. Nilimvua viatu vyenye tope,
nikaweka sahani, chai, asali kidogo.
Akaipasua skonzi ya kwanza kwa vidole,
mvuke ukampanda usoni, akafumba macho,
akatafuna, mbegu zikalia,
akatafuna tena.
«Umeweka chumvi mara mbili,» akasema.
Kisha: «Aksanti.»
Kisha akala ya pili,
na chini ya zote zilikuwa zimeungua,
na hakugeuza hata moja kuangalia.

Mwisho akachukua Idjwi.
Hakukifikisha kinywani.
Kichwa kilishuka mezani polepole,
kando ya kikombe,
mvua ikiendelea na kazi yake juu ya bati.

Nikasogea nikitoe kile kipande mkononi mwake
kisije kikamchafua sare.
Vidole vilikuwa vimekaza.
Nimefungua nati zenye kutu ya miaka kumi,
hivi nikaviacha.