Pingili Tano, Ruai

Mbeyu alizileta zimefungwa kwa leso,
pingili tano za muhogo wa Kaloleni.
Akazilaza nyuma ya bafu la mabati,
kwenye udongo mweusi ushikao gambuti
kama mdai.

Mvua ya Aprili ikatuama. Mbili zikaoza.
Julai, baridi: majani yakajikunja,
hayakuongeza hata kidole.
Januari ardhi ikapasuka,
ufa ukameza kijiko cha mtoto.

"Kwetu kuna mchanga," akasema, "muhogo hupumua."

Mwezi wa ishirini akang'oa mmoja:
mzizi mwembamba, umepinda,
mgumu kumenya.
Akauchemsha kwa chumvi.
Tukala kimya, tukitoa nyuzi menoni.

Kisha akachomeka shina lile lile,
safari hii juu ya tuta.