Na Wengineo

Duka langu Rujewa lina kompyuta moja,
mashine ya kudurufu inayokohoa wino,
na kibao: TUNACHAPA KILA KITU.
Kweli kila kitu. Wasifu wa marehemu,
stakabadhi za mpunga, barua za talaka
ambazo mume huomba nisizisome.

Mwaka wa uchaguzi walitangulia wa saa nne.
Katibu Lulandala alitandaza karatasi ya daftari,
akainyoosha kwa kiganja kama apigaye pasi.
Ibara ya tisa: Utamaduni na Umoja.
*Tutaenzi mila za Wasangu, Wabena, Wahehe,
Wasafwa, Wanyakyusa, na wengineo.*
"Na Wasukuma?" niliuliza, vidole vikisubiri.
Alitazama nje. Ng'ombe walikuwa wakipita
kuelekea bondeni, vumbi lao likiingia bila hodi.
"Hao wamo humo kwenye wengineo.
Mwaka huu wakulima wana hasira."

Saa kumi wakaja wa kofia nyingine,
Bi Ng'wandu mbele, kalamu sikioni.
Ibara ya tisa (sijui nani alimchungulia nani):
*Tutaenzi mila za Wasukuma, Wataturu, Wamaasai,
Wasangu, na wengineo.*
Akayapitia majina kwa ukucha, midomo ikicheza,
kama mtu ahesabuye kura kabla hazijapigwa,
na kumbe ndicho alichokuwa akikifanya.

Baba yangu alikuwa Shahdadi, Mbulushi.
Babu yake aliingia Usangu na punda wawili,
akaoa, akalima, akazikwa.
Mama ni Msangu wa Utengule.
Nyumbani tuligombana kwa Kisangu,
tukahesabu fedha kwa Kiswahili,
na baba alipokuwa anakata roho
alirudia neno moja la kwao, akalirudia,
nasi tukamwongezea blanketi.
Shangazi basi lilimwachia Chimala, akafika kesho yake.
Tukamwigizia ile sauti.
"Maji," akasema. "Alikuwa anaomba maji."

Kwa hiyo wengineo ninaijua kwa ndani.
Ni chumba kikubwa kisicho na dirisha;
kila kampeni kinaongezewa watu,
hakiongezewi mkeka.

Usiku ule nilibaki na mafaili mawili,
mende, na feni isiyozunguka.
Ningeweza kuongeza jina. Herufi tisa tu.
Nani angeona, kati ya barabara na zahanati?
Nikaliandika. Nikalitazama.
Likakaa pale, kama mgeni
aliyefika wakati wa chakula.
Nikalifuta.
Mteja ni mteja, na elfu saba ni elfu saba.

Walioshinda (nisiwataje, bado nawadai)
walitimiza ahadi, tusiwaonee.
Siku ya Utamaduni, uwanja wa shule,
turubai, soda kwa wakubwa,
kila kabila dakika kumi na ngoma yake.
Njuga zililia. Ng'ombe aliyechorwa kwenye bango
alionekana ameshiba kuliko sisi sote.
Jua lilipoanza kushuka mshereheshaji akageuza karatasi:
"Na sasa, wengineo!"

Kimya.
Akainuka fundi baiskeli, Mnyiha.
Akainuka mama muuza viazi, Mwanji,
kijana Mndali aliyevaa sare ya mgambo,
mjane aliyesema hana hakika.
Nikainuka.
Tukafika kumi na mmoja katikati ya uwanja,
ngoma hatuna, wimbo wa pamoja hatuna,
tukitazamana kama abiria walioshushwa njiani.
"Wewe nani?" fundi akaniuliza, kwa upole.
Nikamwambia. Naye akaniambia.
Mama wa viazi akataka turudie polepole.
Dakika zetu kumi ziliishia hapo,
kwenye majina.

Jumatatu ililetwa ripoti ya halmashauri.
Niliichapa mimi, nafasi moja na nusu,
nakala nne:
*Wengineo hawakujiandaa.*