Hori Lililopinduliwa

Kwanza nililicheka.
Nyuma ya nyumba ya shangazi Hermelinda
lilikuwa limelala kifudifudi kwenye kokoto,
kuku wakitagia chini yake:
gogo zima la parota lililokombwa tumbo,
mbele kichwa cha fahali, nyuma mkia,
sikio moja refu, la pili limekatika.
"Hori la kulishia ng'ombe," nikasema,
"ndilo jukwaa lenu?"
Nilikuwa nimetoka Acapulco,
miaka sita katika ukumbi wenye vioo pande nne,
nikiwafundisha wageni wa hoteli
kuhesabu moja mpaka nane
huku wakivitazama viuno vyao wenyewe.

Shangazi hakunijibu. Aliwafukuza kuku,
akakusanya mayai kwenye aproni,
akamwita Nabor na wanawe walibebe hadi uwanjani,
maana Jumamosi Eufrasia anaolewa.

Fidla ya mzee Crescencio ilikuwa na nyuzi tatu.
Wa nne ulikatika Pasaka, na mjini hakwenda.
Akapanda mwanamke wa miaka sabini na ushei,
kaacha viatu chini, vimeelekea nyumbani,
na mwanamume mmoja mwembamba mbele yake.
Nikasubiri mruko. Nikasubiri tabasamu.
Mgongo wima, mikono imetulia,
uso kama wa mtu anayesaka sindano sakafuni.
"Mbona hachezi?"
"Nani kakwambia utazame?" shangazi akanifinya. "Fumba macho."

Nikafumba.
Kisigino kikauliza, kisigino kikajibu,
vidole vikasaga neno katikati yao,
na lile tumbo tupu likanguruma chini
mpaka mbavu zangu zikaitika kabla sijaziruhusu.
Miaka sita nimefundisha ngoma
na sikuwahi kuisikiliza miguu.

Baadaye, tukimenya viazi vya mchuzi wa kesho,
nikamwuliza maana yake.
"Wazee wetu walichunga ng'ombe wa bwana," akasema.
"Ng'ombe walipigwa chapa ya moto ubavuni,
wazee walipigwa begani. Chuma kilekile.
Wengine husema waliupanda mgongo huu
ili wamkanyage mwenye mali.
Wengine husema hori lilikuwa tupu, wakaligeuza, basi.
Mimi sikuwepo."
Akatupa ganda ndooni.
"Lakini kisigino changu kina maoni yake."

Jumapili, wageni wakiwa wamelewa nusu,
wakanisukuma juu.
Mbao ilikuwa na joto la watu walionitangulia,
na bonde dogo mahali ambapo kila mtu husimama.
Nikaanza. Moja, mbili, tatu...
"Unahesabu!" Nabor akapiga kelele. "Midomo inakuumbua!"
Wakacheka wote, hata bibi harusi, hata padri.
Nikapotea kabisa, nikasimama kama mwizi,
kisha yule mwembamba akagonga mara mbili,
taratibu, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa,
na mguu wangu wa kushoto, si mimi,
ukamwambia karibu.

Haikudumu. Pengine kufumba na kufumbua.
Husemwa mcheza kwao hutuzwa;
mimi nilituzwa kibanzi kwenye unyayo,
kirefu kama mbegu ya embe changa,
na shangazi alipokitoa kwa ncha ya kisu
alikinusa kwanza, kisha akanipa.

Jumatatu nilikosa basi la asubuhi.
Hori lilikuwa limesharudishwa nyuma ya nyumba
na kuku mmoja mweupe anagombana na kivuli chake.
Nikapiga magoti, nikatega sikio kwenye ubavu wa fahali
nikitaka kusikia kama pamebaki kitu ndani.
Palikuwa na sauti.
Mchwa, wakitafuna upande wa sikio lililokatika,
polepole, bila kukosea hata pigo.

Nikamwita Nabor alete mafuta ya taa na brashi.
Basi la saa nane nalo likapita.