Wamesahau Chumvi

Tulishuka na masweta yetu ya Makete,
masikio yakaziba Tukuyu, yakazibuka Ipinda,
tukaingia Matema tukitoka jasho kama tumeiba kitu.
Editha akayakimbilia maji, akayaonja kwa kiganja,
akarudi na uso wa anayedai chenji:
"Baba, wamesahau chumvi."

Nilikuwa na ratiba. Maporomoko saa tatu,
Ikombe saa tano, picha, chakula, kuondoka.
Anganisye mwenye mtumbwi aliipokea karatasi,
akajikinga nayo jua.
"Ziwa likikubali,"
akarudia wali wake, tonge kwa tonge.

Ziwa halikukubali mpaka alasiri.
Tukakaa tu.
Milima ya Livingstone imetumbukiza miguu majini
kama ng'ombe waliogoma kutoka,
na mimi, sijui saa ngapi, nikavua viatu.

Ikombe, mama mmoja wa Kikisi
alikuwa akizungusha udongo juu ya kigae.
Nikamuuliza, chungu kimoja huchukua muda gani?
Akanitazama kama niliyeuliza mvua ina kilo ngapi.
"Mpaka kiwe chungu."

Sasa ni Julai, sakitu imeunguza viazi,
maharage yanatokota ndani ya chungu kile.
Chini ya ukingo kuna alama ya kidole cha yule mama;
Editha huweka chake humo, kinacheza, bado ni chembamba.
Jana nilionja mchuzi, nikakunja uso.
Akacheka peke yake jikoni:
"Nimesahau makusudi."