Kitanzi Kimeponyoka

Julai hii Moshi imenuna.
Wiki ya pili sasa mlima hatujauona.
Wageni wanapita Kiborloni wakiuliza uko upande gani,
nami nanyoosha mkono kuelekea ukungu
kwa uhakika wa mtu anayeonyesha kwao.

Nafuma masweta ya shule: kijani, shingo ya V,
mistari miwili ya njano mkononi.
Mashine yangu haili umeme,
yala mabega.
Kwenda, kurudi. Kwenda, kurudi,
hata mwanangu Elinami akilala
huuiga mlio wake kwa meno.

Leo niliamka na orodha kichwani:
nyuzi, luku, nauli ya Kibosho, deni la duka.
Kufika saa nne orodha ilibaki neno moja:
ufunguo.
Nikapekua masufuria, kapu la viazi,
mifuko ya koti la mume wangu
(risiti ya nyama choma, Jumamosi ileile
aliyosema yuko kikaoni.
Tutazungumza).
Nikamshuku jirani. Nikamshuku paka.
Nikamlaumu marehemu shangazi
aliyenizoesha kuficha vitu.
Kumbe upo kifuani, kwenye pindo la kanga,
umeota joto langu asubuhi nzima,
umetulia kama kifaranga.

Mchana akaja Mwalimu Anaeli.
Akahesabu masweta thelathini na nne,
akayakunja mwenyewe, akayabeba mwenyewe.
"Mungu akubariki, mama."
Mungu amenibariki tangu Aprili.
Ninayemsubiri ni Mwalimu.

Mama akapiga simu.
Hasemi anaumwa, hajawahi.
Anasema ng'ombe hali vizuri siku hizi.
Kwetu ng'ombe ndiye hutumwa kuumwa
badala ya watu.
"Amekunywa dawa?"
"Anasema chungu."
"Mwambie anywe."
"Nitamwambia."
Kisha kimya, na kuku wake nyuma yake,
na upepo kwenye migomba ambayo baba aliipanda.
"Na usiku anapata usingizi?"
"Nani?"
"Ng'ombe."
"Kidogo," akasema mama. "Kidogo tu."

Saa moja umeme ukakatika, shingo ya sweta ikiwa nusu.
Nikaegemeza simu kwenye kopo la vifungo,
nikaendelea kwa mwanga wake na kwa mazoea.
Ndipo Mamkunde akabisha hodi,
Mamkunde ambaye hatujasalimiana tangu mvua za masika
kwa ajili ya maji ya paa lake na ukuta wangu.
Mkononi bakuli la kiburu, linafuka moshi.
Hakusema samahani.
Alisema, "Chumvi imezidi kidogo."
Nikaonja hapohapo mlangoni.
"Haijazidi," nikasema.
Ilikuwa imezidi.
Tulikula wote, Elinami akaramba mwiko.

Saa tatu sweta limekwisha.
Nikalinyoosha gotini, nikaliona chini ya kwapa:
kitanzi kimoja kimeponyoka,
safu kumi na mbili nyuma,
labda wakati wa "kidogo tu."
Fundi mwenye akili angefumua.
Mimi nilichukua sindano, nikakikamata palepale kilipo,
nikakipiga fundo.
Yupo mtoto atakayelivaa hili,
atanyoosha mkono darasani kabla hajajua jibu,
na fundo langu litamtekenya.

Nikatoka kumwaga maji ya vyombo.
Ukungu umeondoka bila kuaga.
Mlima huo, mweupe, karibu mno,
kama mtu aliyekuwa chumbani muda wote
akitusikiliza.
Beseni likaniinamia mkononi, maji yakaniloa miguu.

"Njoo uone!" nikamwita mume wangu.
"Niliuona mwaka jana,"
akajibu toka kitandani.

Nikasimama hadi vidole vikafa ganzi.
Kisha nikaingia, nikafunga mlango,
ufunguo nikaurudisha pindoni,
na ile risiti nikaiweka
juu ya mto wake, taratibu,
upande wa shavu.