Kokwa ya Tisa

Hatukuagiza mkate.
Ulikuja wenyewe, kama jirani mwenye maneno,
na siagi yake, na jibini iliyokatwa nyembamba kama risiti,
na kisahani cha zeituni.
Hapa Porto wanaiita kuveri:
usipoiomba inakuja, usipoikataa inakungoja kwenye bili.

"Msiguse," akasema Anselmo, kaka yetu mkubwa,
mkono kaunyoosha juu ya meza
kama polisi wa barabarani.
"Ukigusa, umenunua."
Lakini shavu la Quitéria lilikwisha kuvimba.

Tulikuwa tumetoka kwa wakili.
Saini nne, kalamu moja,
na nyumba ya mama kule Miragaia ikawa ya mtu
atakayebandua vigae vya buluu aweke vioo.
Orodha ilisomwa kwa sauti:
kabati, moja. Cherehani, moja.
Vijiko vya fedha vya sukari, vitano.
"Vilikuwa sita," akasema Deolinda.
Karani akaandika vitano.

Samaki wa chumvi alikawia.
Nje mvua, ndani harufu ya vitunguu vya watu wengine.
"Kurudisha chakula," Deolinda akasema, "ni kumtukana mwenye nyumba."
"Mwenye nyumba gani? Huyu ana duka."
"Mama angekula."
"Mama angeuliza bei kwanza."
Hapo tukacheka, mara moja tu siku ile,
na katika kucheka mikono ikapotea njia.
Chovya chovya, mnajua inakoishia.
Buyu letu lilikuwa kisahani cha udongo,
kimebanduka ukingoni.

Bili ikaja imekunjwa kama siri.
Kuveri, mara nne. Euro mbili na nusu kila kichwa.
Anselmo akavaa miwani,
ileile aliyosomea wosia.
"Kuketi si kula! Mimi nikiketi kanisani
nimekuwa padri?"
"Ndiyo sheria ya hapa, bwana. Kila aliyeketi."
Mhudumu aliitwa Zeferino, viatu vinambana tangu asubuhi;
alitazama saa, akatutazama, akavuta pumzi.
"Haya. Kokwa ziseme."

Akahesabu kwa ncha ya kalamu.
Za Quitéria nne, katikati ya sahani, bila haya.
Za Deolinda tatu, amezipanga ukingoni kama shanga.
Na ya Anselmo, naam, Anselmo,
moja, chini ya mfupa wa samaki.
Hakuna aliyesema kitu.
Miiko miwili ikagongana jikoni.

"Nane," akasema Zeferino. "Na tatu hizi mafutani, kumi na moja.
Jikoni hutoa kumi na mbili."
Wakanigeukia mimi, kitinda mimba,
ninayeaminiwa tangu nikiwa na meno ya maziwa.
"Sipendi zeituni," nikasema, polepole, kwa upande mmoja wa mdomo.
"Kweli hapendi," Deolinda akanitetea.
"Mama alikuwa akimtolea moja moja kwenye saladi."

Hilo lilikuwa kweli, zamani.

Zeferino akafuta nne, akaandika tatu.
Anselmo akalipa kwa sarafu, akizihesabu mara mbili,
akaacha senti kumi za shukrani
ambazo Quitéria aliziongezea noti akiwa wa mwisho kutoka,
akidhani hatumwoni.

Barazani tulisimama kuagana,
watu wanne chini ya miavuli miwili.
Mkoba niliukumbatia. Ulikuwa mwepesi;
kijiko cha sukari kina uzito gani?
Quitéria akanibusu kushoto, kulia. Anselmo hewani.
Deolinda alibusu kama mama alivyobusu, kwa kukandamiza,
na shavu la kulia likamgomea.
Akarudi nyuma kidogo.
Maji yalikuwa yanamchuruzika toka kwenye nywele hadi kwenye kola.

"Jino?" akauliza.

"Jino," nikasema.